Ramadhani ya Kaskazi

Wageni wanaopita kichochoroni kwetu husimama, wakaupapasa ukuta wa nyumba, wakaambizana kwamba majumba haya ya mawe ndani ni baridi mwaka mzima. Mimi huwa nimekaa juu na cherehani yangu, jasho linanichuruzika mpaka kwenye kitambaa cha mteja, nawasikiliza. Natamani niwaite, niwaambie ingieni, kaeni hapa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, kisha mnieleze hiyo baridi mmeionea wapi. Lakini nani ana nguvu za kubishana na watu waliovaa kofia za ukili.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba hii ilikuwa baridi kweli. Mama alikuwa na utaratibu wake na ukiuvunja unaisikia sauti yake mpaka sokoni Darajani. Alfajiri, madirisha yote wazi, ya mbele na ya kichochoroni. Jua likianza kugusa ukuta wa jirani, mbao zote zifungwe, na ole wake atakayefungua kuchungulia maharusi wanaopita. Sakafu ipigwe deki asubuhi na tena mchana. Na katikati ya nyumba palikuwa na uwazi usio na paa, kutoka chini mpaka juu kabisa, ukisimama chini unaiona mbingu. Joto lilipanda hapo likaenda zake, upepo ukashuka. Hakuna aliyekuwa akiufikiria uwazi ule, tulifulia nguo pale na kuanika samaki.

Tukauziba. Mdogo wangu wa kiume ana nyumba yake Amani, nyuma ya uwanja wa mpira, na ana rai juu ya kila kitu. Alisema mvua inaingia, kunguru wanaiba samaki, na siku hizi yapo mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Mama akakubali kwa sababu ya kunguru, maana vita vyake na wale ndege vilikuwa vikubwa. Kwa kuwa fundi alikuwa bado yupo, tukamwambia basi na kuta hizi zinazomeguka chokaa zipige saruji, kisha zipake rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ili iwe rahisi kufuta. Kila aliyekuja alisifu. Ilipofika kaskazi, msimu wa joto, kuta zikaanza kutoka jasho, rangi ikafura malengelenge, na joto likapanda kama kawaida yake, likakuta bati, likarudi kukaa na sisi.

Nilimwambia mdogo wangu, tulibomoe hilo bati. Akanijibu, "Dada, joto limezidi dunia nzima." Ukitaka kunipandisha presha, nielezee habari za dunia nzima wakati mimi nakuonesha paa la kwetu. Nikamwendea mama. Mama akasema, na kunguru je? Nikarudi kwenye cherehani.

Sasa juu ya joto hilo weka Ramadhani. Miaka hii mwezi umeangukia kwenye kaskazi, wakati upepo wenyewe unakuja umeshapashwa moto. Mama ni mtu mzima, ana presha, na daktari alimwambia kwamba kwa hali yake kufunga si lazima. Mama alimjibu kwamba hilo hakumuuliza. Mwaka jana alinitisha. Nilipanda chumbani kwake mchana nikamkuta amekaa chini, ameegemea kitanda, midomo imekauka, haelewi kama ni adhuhuri au alasiri. Tulimfungulisha saumu kwa nguvu. Mama hakulia kwenye misiba niliyomuona nayo, lakini siku ile alilia kwa sababu ya glasi ya maji.

Hapo mdogo wangu akatoa hukumu. Mwaka huu mama akianguka hata mara moja, anamchukua Amani, kila chumba kina kiyoyozi, na nyumba hii itakodishwa kwa watu wa mahoteli ambao wameshakuja kuiulizia. Alisema kwa upole, kwa kweli, na mama anampenda. Ila sote tunajua mambo ya nyumba hizi. Mzee akishashuka ngazi zake akaenda kukaa kwenye nyumba ya chini isiyo na ghorofa, hazipandi tena. Mama alilijua hilo kuliko sisi. Akasema anataka mambo mawili tu, aufunge mwezi wake wote, na aufungie chumbani kwake.

Alisema chumbani, lakini alikusudia dirishani. Kichochoro chetu ni chembamba, na dirisha la mama linatazamana na la shoga yake. Mmoja akinyoosha mkono na mwenzake akinyoosha wake, bakuli linapita. Wameishi hivyo tangu walipoletwa hapa maharusi. Asubuhi wanaanza kwa kuulizana umeamkaje, usiku wanamaliza kwa kulaumiana kwa nini mwenzangu hujalala. Yule bibi miguu yake imeharibika, ngazi hajazishuka muda mrefu, na anakaa na mtoto wa nduguye anayerudi kutoka kazini magharibi. Ramadhani mama humpitishia uji wa pilipili manga, na yeye hurudisha bakuli na tambi za kukaanga, tamu, zenye hiliki. Kwetu bakuli halirudi tupu. Kama huna kitu unatia kipande cha muhogo, unatia ndizi, unatia hata embe la kuokota. Ukirudisha bakuli tupu umemwambia mwenzako jambo, na atakuelewa.

Basi kabla mwezi haujaandama nilihangaika kuipooza nyumba. Nilitundika shuka mbichi kwenye madirisha, zikakauka kabla sijamaliza kushona kanzu moja. Niliweka beseni la barafu mbele ya feni, nikapata chumba chenye joto na majimaji. Nilimhamishia mama godoro sakafuni, akasema hajafa bado. Mwisho nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia, wewe unayetoa hukumu, lete basi kiyoyozi hapa. Akaleta. Nitampa haki yake, alileta siku ile ile.

Fundi wa viyoyozi alizunguka nyumba nzima akitafuta pa kulitundika sanduku la nje, lile linalotema joto. Ukuta wa nyuma tunachangia na watu. Upande wa ndani ni ule uwazi tuliouziba, joto lingeturudia. Mbele, kwenye njia kubwa ya miguu, hairuhusiwi kutundika madude kwenye nyumba za kale. Kilibaki kichochoro. Fundi akagonga ukuta pembeni ya dirisha la mama, akasema hapa, na sote tukasema haya.

Chumba kikawa baridi, alhamdulillahi. Mama akaanza kujifunika shuka mchana na kulalamika vidole vinakufa ganzi, nikajua mambo yamekuwa mazuri. Ugomvi ukabaki wa dirisha. Napanda, nalikuta wazi.

"Mama, funga dirisha."

"Nnazungumza."

"Unazungumza na baridi yote inatoka nje."

"Na wenzetu nao wapate."

Nikamwambia wenzetu hawapati kitu, na yeye akianguka nani atanizuilia gari ya Amani. Hapo akafunga. Toka siku hiyo bakuli likawa linapita kwa miguu yangu mimi. Nashuka ngazi na uji wa moto, nazunguka kona mpaka mlangoni kwa yule bibi, naita, yeye anateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirisha lake la upande ule, natia bakuli, anavuta. Kesho yake kikapu kinashuka na bakuli letu na tambi ndani. Nilinung'unika kila siku, maana mtu mwenye saumu na foleni ya nguo za Idi hana haja ya kufanywa tarishi wa wazee wawili wanaoonana kwa macho.

Kisha bakuli likashuka tupu. Limeoshwa, limekaushwa, halina kitu. Nikamfikishia mama. Akaligeuza, akatazama chini yake, kana kwamba tambi zingeweza kuwa zimejificha huko.

"Hakusema neno?"

"Hakusema."

Siku ya pili tupu. Siku ya tatu tupu, na nilipoangalia kichochoroni nikaona dirisha la yule bibi limefungwa, mbao na komeo. Mama akasema, "Amenuna. Nimemfungia dirisha usoni, na yeye kanifungia lake." Nikamwambia basi muulize. Akasema yeye ndiye mkubwa kwa umri, haanzi yeye. Na miezi ya umri anayomzidi yule bibi haizidi vidole vya mkono, kwa maneno yao wenyewe. Akaagiza uji upelekwe kama kawaida, ili isiwe yeye aliyeacha. Yaani mimi nishuke na kupanda nipeleke uji wa watu walionuniana.

Nikavumilia, nikachoka. Siku moja kabla ya alasiri nikasema liwalo na liwe, nikapanda mwenyewe mpaka juu kwake.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Sikuweza kuvuta pumzi vizuri. Chumba chake kilikuwa na joto ambalo sijapata kulikuta ndani ya nyumba ya mtu, hata jikoni kwa wapishi wa harusi. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, leso mbichi begani, uso umemvimba. Nikaenda moja kwa moja dirishani kumfungulia. Nilipofungua, pumzi ya moto ikanipiga usoni, na ngurumo. Lile sanduku letu lilikuwa mbele yangu, feni yake inazunguka, inatema joto la chumba cha mama ndani ya chumba cha shoga yake. Nikafunga haraka. Nilipogeuka ndipo nikaona kikombe cha maji pembeni ya mkeka, na kipande cha mkate kilichoumwa.

Hakukificha. "Usinitazame hivyo," akasema. "Nina maradhi, na ruhusa ninayo."

"Tangu lini hufungi?"

"Tangu siku za mwanzo za mwezi, kwa joto la lile dude. Nilijaribu. Nikaona giza, nikafungua saumu. Nikajaribu tena, ikawa yale yale. Nikifungua dirisha linanipulizia, nikifunga napikika. Na jikoni siwezi hata kusimama, ndiyo maana bakuli la mama yako linarudi vile. Naona aibu, lakini sina la kutia."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama mtu anayeniona mjinga na hataki kunivunjia heshima. "Niseme nini? Niseme zimeni? Mama yako aanguke, mdogo wako aje na gari? Mimi saumu yangu nitaitolea fidia. Yeye akishuka ngazi zile, nitamtolea nini?"

Nikamwambia ahamie kwetu, mwezi huu tu, chumbani kwa mama, walale wawili kwenye baridi, wagombane kwa raha zao. Akauliza atashukaje. Nikasema tutaita vijana wambebe kwenye kiti. Akasema, "Ngazi hizi nikishushwa kwa kubebwa, iwe mara moja tu." Kisha akaniapisha nisimwambie mama. Nimwambie mikono imemuuma, tambi zimemshinda, basi.

Nilishuka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kukaa ndani ya tanuri siku zote hizi na mdomo kaufunga. Nilimkasirikia mama kwa kiburi chake cha umri. Nikampigia fundi, nikamwambia aje alihamishe sanduku, alipandishe juu ya paa. Akasema inawezekana, lakini anataka mabomba marefu na jukwaa, na watu wake wameshakwenda mashamba, kwa hiyo baada ya Idi. Mji huu ukiingia kumi la mwisho la Ramadhani kila kitu ni baada ya Idi. Nikampigia mdogo wangu. Akasikiliza, akasema, "Sasa mama si ahamie tu kwangu, dada, tatizo limekwisha." Nilimkatia simu, na Ramadhani hiyo, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa ananingoja kitandani, amekaa wima. "Amesemaje?"

"Mikono inamuuma. Tambi zimemshinda."

"Na dirisha nalo limemuuma mikono?"

Nikasema sijui, labda vumbi. Mimi uongo siuwezi, tangu utoto wangu, na mama anajua. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akafungua. Nikataka kumwambia baridi inatoka, nikaacha. Alinyoosha mkono nje, kama anavyonyoosha miaka yote kupokea bakuli, akauacha pale mbele ya sanduku. Aliuacha muda. Kisha akaurudisha ndani, akautazama, akafunga dirisha polepole na kukaa.

"Anafunga saumu?" akaniuliza.

Nilianza kusema kitu kuhusu fundi, kuhusu mabomba marefu, kuhusu baada ya Idi. Mama alinyoosha mkono kwenye kidude cha kuwashia, akazima kiyoyozi. Joto likaanza kuingia lile lile tulilolizoea.

"Mpigie mdogo wako," akasema. "Mwambie aje anichukue."

"Mama, ngoja. Tutalibomoa bati, nitatafuta mtu."

"Baada ya Idi?"

Nikachukua simu.

"Na yule mwenzangu asiambiwe lolote. Mwambieni joto limenishinda. Na wewe usinitazame hivyo, mimi naondoka kwa hiari yangu."

Nilimfungia nguo zake nikitupa tupa vitu. Nilimwambia wote wawili wana vichwa vigumu, kwamba mmoja anapikika kimya kimya ili mwenzake asiondoke, na mwenzake anaondoka kimya kimya ili yule asipikike, na mimi niliye katikati nawekewa viapo pande zote mbili. Akaniambia nisikunje ile kanzu ya sala, ina mistari ya pasi. Hilo ndilo jibu nililolipata.

Ngazi alishuka mwenyewe, ameshika kamba, hataki mkono wa mtu. Gari haiingii kichochoroni kwetu, mdogo wangu alikuwa ameiacha barabarani, kwa hiyo ilibidi tupite chini ya dirisha la yule bibi. Nadhani alisikia fimbo ya mama. Komeo likalia juu, mbao zikafunguka.

"Shoga, unakwenda wapi na saumu yako?"

Mama alisimama. Hakuinua uso mara moja. "Nnakwenda Amani. Joto limenishinda."

"Joto gani, na hilo dude linanguruma usiku na mchana?"

"Limenishinda tu."

Mimi nimesimama nyuma na begi, nimeuma meno, viapo viwili vimenijaa mdomoni. Kisha yule bibi akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli, "Kumbe huna uvumilivu. Mimi nilidhani unao."

"Sina," mama akasema, akaendelea kutembea.

Nyumba nimebaki nayo mimi na cherehani. Kiyoyozi sijakiwasha tena, nashona na jasho langu. Kutoka siku ya pili dirisha la ng'ambo likawa wazi toka asubuhi, na yule bibi amekaa pale, kajifunga leso mbichi kichwani, ananiona nikipita ndani na ananiita nimsikilize. Hana jambo jingine ila mama. Watu wa siku hizi wamelegea. Mtu mwenye miguu yake mizima anakimbilia baridi za watu. Yeye na miguu hii mibovu amefunga, jana amefunga, juzi amefunga, na hajafa. Nimwambie mama yangu hivyo hivyo, nisipunguze neno.

Mwanzo nilikataa. Siku ya Ijumaa mama alinipigia baada ya kufuturu, akauliza kama madirisha nayafungua alfajiri, nikasema nayafungua. Akauliza kama kunguru wanasumbua. Nikamwambia huku hakuna la kunguru, huku kuna shoga yako, anakusema mchana kutwa mpaka aibu naona mimi. Anasema umekimbia. Anasema huna uvumilivu. Nikamwambia, mama, niache nimwambie ukweli, naona uchungu, siwezi kukaa namsikiliza.

Kule kwake nilisikia kiyoyozi kinavuma.

"Amefunga?" akauliza.

"Amefunga."

"Na leo?"

"Na leo, mama. Kafunga mpaka magharibi."

"Basi mwache aseme."